Nimeuziwa gari la michezo lililofutiwa kumbukumbu za hitilafu, na mafundi wanataka kubadilisha vifaa bila kupima

Wakuu, salamu.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nimenunua gari la michezo lililotumika, la milango miwili, gia za mkono, injini isiyo na turbo, kutoka kwa mfanyabiashara ambaye sitamtaja, na tangu nilifikishe nyumbani limekuwa likitoa hitilafu moja baada ya nyingine. Hakuna iliyo kubwa. Injini haigongi, gia zinaingia vizuri, na bodi halijawahi kunyooshwa. Kinachoniudhi ni kwamba hizi ni hitilafu ambazo mtu anayejua magari angezibaini kwa tochi, mita ya umeme na mashine ndogo ya kupimia, na ushahidi nilionao unaonyesha kuwa baadhi yake zilijulikana kabla ya mimi kulipa, zikafunikwa. Nilipolalamika nilijibiwa kwamba magari ya michezo ndivyo yalivyo, yanataka moyo.

Nianze na taa ya injini. Siku ya makabidhiano ilikuwa ikiwaka ninapofungua swichi na kuzimika injini inapowaka, kama inavyotakiwa, na wanunuzi wengi huishia hapo wakaridhika. Lakini kompyuta ya gari, mbali na kuhifadhi namba za hitilafu, hutunza pia rekodi ya majaribio ambayo gari hujifanyia lenyewe: la sensa za oksijeni, la katalisti (kisafisha moshi) kwenye bomba la moshi, la mfumo wa mvuke wa petroli na mengineyo. Mtu akifuta namba za hitilafu, mengi ya majaribio hayo hurudi katika hali ya kutokamilika, na hayakamiliki tena mpaka gari liendeshwe katika mazingira mbalimbali, kuanzia kuwashwa likiwa baridi hadi kwenda mwendo wa kutulia kwenye barabara ndefu. Isitoshe, kompyuta huhesabu umbali ambao gari limetembea tangu kumbukumbu zilipofutwa. Soketi ya kuchomekea mashine ipo chini ya dashibodi, upande wa dereva, na si siri ya mafundi wa kiwandani: imekuwa ya lazima kwa magari yanayouzwa Marekani tangu matoleo ya mwaka 1996, na kwa magari ya petroli katika nchi za Umoja wa Ulaya tangu 2001.

Nilichomeka mashine jioni ileile niliyolileta. Karibu majaribio yote yalikuwa hayajakamilika, na umbali uliosomeka ulilingana na ule wa kutoka kwenye yadi ya muuzaji hadi kwangu.

Nilipompelekea muuzaji picha ya kioo cha mashine, alijitetea kwamba walibadilisha betri, na betri ikitolewa kumbukumbu hupotea. Ni kweli zinaweza kupotea kwa njia hiyo. Hata hivyo, risiti ya betri aliyonikabidhi yeye mwenyewe ni ya siku za nyuma, na baada ya tarehe hiyo mimi nililijaribu gari hilo barabarani kabla ya malipo; kama kumbukumbu zingekuwa zimepotea siku ya betri, umbali wa jaribio langu nao ungesomeka. Haukusomeka. Hata tangi alilonijazia hadi juu na kuliita zawadi linanipa mashaka, kwa sababu jaribio la mfumo wa mvuke wa petroli kwa kawaida halifanyiki tangi likiwa limejaa, ingawa kwa hilo nitamwachia heshima ya kuitwa mkarimu.

Taa iliwaka muda si mrefu baadaye, na namba iliyotoka ni P0171, yaani mchanganyiko unaoingia kwenye injini una hewa nyingi kuliko mafuta yanayohitajika. Hapo ndipo hasira yangu ilipohamia kwa mafundi. Gereji ya kwanza, bila kufungua boneti, iliniandikia sensa mpya ya oksijeni. Ya pili ikaniandikia sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini, pamoja na pampu ya petroli, vyote kwa pamoja, kwa maelezo kwamba tukibadilisha vyote tatizo haliwezi kubaki. Huko si kutafuta tatizo, ni kulipiga mawe gizani kwa fedha ya mteja. Namba ya hitilafu haisemi kifaa gani kimekufa. Inasema kompyuta imeona nini. Sensa ya oksijeni inayoripoti kwamba hewa imezidi inaweza kuwa ndiyo pekee inayofanya kazi yake sawasawa.

Mashine ileile inayosoma namba inasoma pia asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta ili kurekebisha mchanganyiko. Gari lenye afya hucheza karibu na sifuri, na likipita kumi juu au chini unaanza kuuliza maswali. Langu, likiwa kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, lilikuwa linaongeza zaidi ya asilimia ishirini; nilipopandisha injini hadi mizunguko 2500 kwa dakika na kuishikilia hapo, nyongeza ilishuka ikabaki kidogo sana. Mwelekeo huo una maana. Pampu ikiwa dhaifu au chujio la petroli likiwa limeziba, upungufu huzidi kadiri injini inavyodai mafuta zaidi. Hewa ikiwa inapenya mahali ambapo sensa haiioni, athari yake ni kubwa kwenye sailensa, kwa kuwa injini wakati huo inavuta hewa kidogo na ile ya wizi inakuwa sehemu kubwa ya jumla, kisha hupungua unapokanyaga mafuta. Kwa kipimo hicho kimoja, pampu waliyotaka kuniuzia ilikwisha kuondoka kwenye orodha ya watuhumiwa.

Nikafuata bomba la mpira linalotoka kwenye sensa ya hewa kwenda kwenye injini, lile lenye mikunjo. Kwa juu lilikuwa zima na limepakwa dawa ya kung'arisha. Nililegeza vibano, nikaligeuza na kuivuta mikunjo kwa vidole, na ndani ya mkunjo wa pili, upande wa chini usioonekana, kukafunguka ufa wenye urefu wa kidole gumba. Kuuzunguka ufa huo kulikuwa na silikoni nyeusi iliyopakwa kwa kidole. Alama za kidole bado zinaonekana, na kipande cha silikoni hiyo kilikuwa kimebanduka na kuning'inia. Silikoni ya kawaida haidumu mahali hapo, kwenye joto na mvuke wa oili na mtikisiko wa injini. Aliyeipaka aliujua ufa, alijua ndio uliokuwa ukiwasha taa, na aliona heri kufuta taa kuliko kununua bomba. Nimeweka bomba jipya, nyongeza ya mafuta imerudi chini ya asilimia tano, na sailensa imetulia. Sensa zote ni zilezile za zamani.

Suala la pili ni betri, ile mpya niliyoahidiwa kuwa ni faida yangu. Gari likikaa bila kuwashwa siku chache, stata inalia tu na injini haiwaki. Fundi umeme niliyemwita alishika alteneta, inayochaji betri injini ikiwaka, na kuitangaza imekufa, wakati mita yangu ilikuwa inasoma volti 14.2 injini ikiwa inanguruma, kiwango ambacho alteneta iliyokufa haiwezi kukitoa. Kama betri inachajiwa vizuri na bado inaisha, basi kuna kitu kinaila gari likiwa limezimwa.

Kipimo chake kinahitaji subira kuliko ujuzi. Unafunga kitasa cha mlango kwa bisibisi ili gari liamini mlango umefungwa, unaunganisha mita kati ya nguzo hasi ya betri na waya wake, kisha unasubiri nusu saa au zaidi mpaka kompyuta zote zilale. Usifungue swichi wakati huo, la sivyo utaunguza fyuzi ya mita. Magari mengi ya kisasa yakilala hutumia chini ya miliampea 50. Langu lilikuwa halishuki chini ya nusu ampea, ambayo kwa saa 24 ni ampea-saa 12. Betri ya ampea-saa 60 haivuki siku ya tano kwa mwendo huo, na stata itagoma kabla ya hapo. Kisha, badala ya kuchomoa fyuzi moja moja na kuziamsha kompyuta upya, nilipima tofauti ndogo ya volti kati ya vichwa viwili vya kila fyuzi. Ile yenye umeme unaopita ilijitambulisha, nami nikaufuata waya wake hadi kwenye buti. Chini ya kapeti kulikuwa na amplifaya ya muziki iliyosahauliwa, spika zake zimekwisha kutolewa, na waya wake wa kuwashia umesokotwa pamoja na waya wa umeme wa kudumu kisha kufungwa kwa gundi ya karatasi. Nimeitoa na betri haijaniangusha tena. Kama kuwekwa kwa betri mpya hakukukusudiwa kulifanya tatizo hili lisionekane mpaka gari liondoke kwenye yadi, ningependa kuelezwa kulikusudiwa nini.

Kioo cha mlango wa abiria kilichokuwa hakishuki kidogo mlango unapofunguliwa, kama inavyopaswa kwa milango isiyo na fremu, hakikuhitaji mota mpya niliyoandikiwa. Betri ikitolewa, magari mengi ya aina hii husahau mwisho wa kioo ulipo. Nilikipandisha hadi juu, nikaendelea kushikilia swichi sekunde chache, kikakumbuka. Bure kabisa.

Matairi ni hadithi ya aibu zaidi. Tangazo lilisema yana kashata za kutosha, na kweli zipo, kwa sababu gari la namna hii hutembea kidogo na matairi yake huzeeka kabla ya kulika. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi linaloandikwa 1714 limetengenezwa wiki ya 17 ya mwaka 2014. Ya mbele hayakuwa na tarehe upande wa nje. Nililazimika kuingia chini ya gari kuisoma kwa ndani, na nikakuta ni ya zamani kuliko ya nyuma kwa miaka mingi, yenye mipasuko midogo kwenye ubavu. Mtetemo wa usukani kwenye mwendo mkubwa uliisha nilipoyabadilisha na kufanya balansi. Muuzaji alikuwa ameniambia ni ugumu wa shokapu za michezo.

Limebaki moja ambalo sijalipatia jibu, na hapa naomba wenye uzoefu. Ninapotoa klachi kutoka gia ya rivasi kwenda gia ya kwanza, nyuma kunasikika kishindo kimoja kizito, zaidi gari likiwa baridi. Joiti za shafti hazina uchezaji ninapozitikisa kwa mkono, oili ya difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) iko kwenye kiwango na haina vumbi la chuma, na boriti ya nyuma imekazwa. Nayashuku mabushi ya difu, ile mipira inayoishikilia, lakini sitanunua chochote kabla ya kuyaona yakisogea. Aliyewahi kuyapima bila kushusha difu aeleze alivyofanya. Na muuzaji, ambaye najua husoma hapa, picha za mashine, za bomba lenye silikoni na za amplifaya nimeziweka kwenye ujumbe unaofuata. Akitaka kuzijibu azijibu hadharani.