Mjadala: Wanafunzi wanaotafiti ubaguzi wa rangi walipwe ujira, au alama za kozi zatosha?

Mtoa mada

Ndugu wasomaji, naomba tulijadili swali ambalo limenikaa moyoni tangu nilipomaliza shahada yangu ya kwanza Marekani. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayeshirikishwa katika utafiti wa kuleta usawa wa rangi alipwe kwa saa zake, au alama za kozi na jina kwenye ukurasa wa shukrani zinamtosha? Msimamo wangu nauweka wazi mapema: alipwe. Utafiti wa haki usiolipiwa huishia mikononi mwa wale tu ambao hawakunyimwa haki hiyo, na hilo huuharibu utafiti wenyewe.

Kwa asiyeufahamu utafiti wa namna hii, nitaeleza ule nilioushiriki. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, hati za kuuziana nyumba na viwanja katika miji mingi ya Marekani ziliwekewa kifungu kinachokataza mali hiyo kuuzwa, kupangishwa au kukaliwa na mtu asiye Mzungu. Hati moja ya Minneapolis ya mwaka 1910 ilieleza bila kificho kwamba nyumba isihamishwe, isiwekwe rehani wala isikodishwe kwa mtu mwenye damu au nasaba ya Kichina, Kijapani, Kituruki, Kimongolia au Kiafrika. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu iliviacha vifungu hivyo viendelee. Mwaka 1948, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, ikaamua kwamba mahakama haziwezi kuvitekeleza, na ilibidi isubiriwe sheria ya makazi ya mwaka 1968 ndipo vikapigwa marufuku. Karatasi zenyewe hazikuondoka. Zimo mpaka leo katika masijala za ardhi, zimefukiwa ndani ya mamilioni ya kurasa, na hakuna faharasa inayokuonyesha ipi ina kifungu na ipi haina.

Kazi ya kuzifukua inahitaji macho mengi kuliko aliyonayo profesa mmoja, na hapo ndipo wanafunzi wanapoingia. Seattle, mradi wa historia ya haki za kiraia na ya wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Washington, chini ya Profesa James Gregory, uliwatumia wanafunzi kusaka vifungu hivyo kitongoji kwa kitongoji. Minneapolis, mradi uitwao Mapping Prejudice ulianzishwa mwaka 2016 katika Chuo Kikuu cha Minnesota: kompyuta hupitia picha za hati na kuchagua zenye maneno ya kutiliwa shaka, kisha kila hati iliyochaguliwa husomwa na watu kadhaa, kila mmoja peke yake, kabla nyumba haijatiwa kwenye ramani.

Mimi nilisoma hati za aina hiyo katika chuo kingine ambacho sitakitaja. Hati nyingi huja kama picha nyeusi yenye maandishi meupe, imelala upande, na mhuri wa msajili umeangukia mstari ule ule unaoutafuta. Mashine hukosea: maneno mawili ya Kiingereza, lile la rangi ya mtu (race) na lile la mahali (place), yana miisho inayofanana, na wino ukivuja kidogo tu mashine hulichukua moja kwa jingine. Kwa hiyo unasoma kwa macho yako, neno kwa neno, mpaka shingo inakakamaa. Wiki ya pili nilikutana na kifungu kilichomalizikia kwa kusema kwamba katazo haliwahusu watumishi wa ndani wanaoishi kwa mwajiri wao. Nilisimama nikaenda kunawa uso. Babu yangu alikuwa mpishi Oysterbay, Dar es Salaam, zama za Waingereza. Alilala chumba cha uani kwa bwana wake, na familia yake ilikuwa Kariakoo. Majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini tunayatamka kila siku kana kwamba ni majina ya miti, lakini yalitokana na mji uliogawanywa kwa rangi za watu. Sikudhani ningeukuta mpangilio ule ule ng'ambo ya bahari, umeandikwa na wakili na kupigwa mhuri.

Sasa nije kwenye malipo. Tulipewa alama za kozi kwa saa sita kwa wiki, muhula mzima. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula, tena ndani ya chuo, na mpango wa serikali ya shirikisho wa kuwalipia wanafunzi kazi za chuoni haumhusu mgeni kama mimi. Saa zangu 20 zote niliziuza jikoni, nikiosha sinia. Hati nilizisoma usiku, nikiwa nanuka sabuni. Tulianza tisa. Aliyeacha kwanza alikuwa dada Mmarekani mweusi aliyefanya kazi za zamu katika ghala. Akafuata binti wa Kimeksiko aliyekuwa akimlea mdogo wake. Wakafuata wawili wengine kwa sababu zinazofanana na hizo. Tuliobaki tulikuwa watano, wanne wakiwa vijana ambao wazazi wao waliwalipia kila kitu. Siwalaumu hata kidogo, maana walikuwa makini na wema. Lakini yule dada wa ghalani alizaliwa katika mitaa tuliyokuwa tukiitafiti. Hati hutaja jina la mpango wa viwanja na namba ya kitalu, wala si jina la mtaa la leo, na yeye ndiye aliyeweza kutuambia, bila kufungua kitabu, kwamba barabara fulani ilibadilishwa jina wakati barabara kuu ilipopitishwa katikati ya mtaa wao. Alipoondoka, tuliziweka hati nyingi mahali pasipo pake kwenye ramani, na kosa hilo liligunduliwa muhula uliofuata.

Kwa hiyo ninapodai ujira sizungumzii huruma kwa mwanafunzi maskini peke yake. Nazungumzia usahihi wa ramani.

Mchangiaji kutoka Morogoro

Binti yangu, nimefundisha chuo kikuu kwa miaka mingi na nimekusoma kwa heshima. Hata hivyo naona hoja yako inaweza kuua kile unachotaka kukiokoa.

Tazama mambo yalivyoanza. Mwaka 2007 Profesa Sven Beckert wa Harvard alifungua semina ndogo kuhusu uhusiano wa chuo hicho na utumwa, na waliojiandikisha walikuwa wanafunzi wanne. Ilikuwa kozi kama kozi nyingine. Walichokianza, wakiendelezwa na waliowafuata, kilitoka kama kijitabu mwaka 2011, na mwaka 2022 Harvard yenyewe ilitoa ripoti rasmi na kutenga dola milioni 100 kwa ajili ya kushughulikia urithi huo. Kama sharti la kwanza lingekuwa mishahara, semina ile isingepita hata mlango wa idara, kwa sababu wakati huo hakuna aliyekuwa akiomba utafiti huo ufanyike.

Rudi nyuma zaidi. Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, W. E. B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, alipeleka chati za rangi zilizoonyesha maisha ya watu weusi wa Georgia: idadi yao, ardhi waliyomiliki, elimu na kazi zao. Zilichorwa kwa mkono, naye alisaidiwa na wanafunzi na wahitimu wa Chuo Kikuu cha Atlanta, chuo cha weusi kilichokuwa na fedha kidogo mno. Ungewaambia wangoje bajeti?

Na kuna jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Anayelipa ndiye anayeweza kukata. Mwezi Aprili 2025 Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani ulianza kusitisha ruzuku nyingi zilizohusu usawa na ujumuishaji, na miradi iliyowalipa wanafunzi kwa fedha hizo ikasimama katikati ya kazi. Kozi iliyomo katika mtaala haisimamishwi kwa barua pepe moja. Utafiti ulioegemea alama unaweza kuwa maskini, lakini ni mgumu kuuzima.

Mchangiaji kutoka Minneapolis

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Kisii, na nimeishi huku miaka kumi na minane. Nilikuwa miongoni mwa watu waliojitolea kusoma hati za Mapping Prejudice, jioni nikitoka zamu, na mtu angenipa pesa ningezirudisha. Nyumba yangu mwenyewe ilikutwa na kifungu. Tangu mwaka 2019 sheria ya Minnesota inamruhusu mwenye nyumba kusajili tamko la kukikana, nami nilikwenda na wanangu wawili kulisajili langu. Nachelea kwamba kila kitu kikiwa cha malipo, majirani watakaa pembeni wakidhani ni kazi ya watu wa chuo. Dada mtoa mada, unatuweka wapi sisi?

Mtoa mada

Nianze na dada yangu wa Minneapolis. Wewe ulijitolea kwa hiari, hakuna aliyekupa alama, na siku ukichoka hufeli. Mwanafunzi hana hiari hiyo. Akikosa saa zake sita anapoteza kozi aliyoilipia ada. Jirani anayesoma hati ya mtaa wake anajenga mtaa wake, na hilo lisiguswe. Ninalolipinga ni chuo kumhesabu mwanafunzi kuwa mtu wa kujitolea wakati kazi yake ina ratiba, msimamizi na idadi ya hati za kumaliza kila wiki.

Mwalimu wangu wa Morogoro, umenipa kazi. Kuhusu Du Bois, nakubali kwamba asingengoja bajeti. Lakini miaka michache kabla ya Paris alikuwa ameajiriwa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania kuwatafiti weusi wa Philadelphia, akapita mlango kwa mlango akihoji maelfu ya watu, kwa dola 900 za mwaka mzima, akiwa na cheo cha msaidizi, na baadaye aliandika kwa uchungu kwamba jina lake halikuwekwa katika orodha ya wahadhiri. Alijua kazi ya mtu mweusi inavyoweza kutumiwa na mwenye kazi asionekane. Umaskini wa Atlanta ulikuwa umaskini wa kweli. Siwezi kuutumia kama kielelezo kwa vyuo vyenye mifuko ya wakfu ya mabilioni ya dola.

Kuhusu semina ya Harvard, nadhani tunakaribiana kuliko inavyoonekana. Palipo na kujifunza, alama ni haki: kusoma historia ya vifungu, kufundishwa kuusoma mwandiko wa zamani, kuandika insha na kusahihishwa. Lakini ipo siku ambayo kazi ya mwanafunzi inavuka darasa. Jimbo la Washington ni mfano mzuri. Mwaka 2021 sheria ya jimbo ilivikabidhi Chuo Kikuu cha Washington na Chuo Kikuu cha Washington Mashariki kazi ya kutafuta vifungu vya rangi katika hati za jimbo zima. Mwaka 2023 ikapitishwa sheria nyingine inayotoza dola 100 kila hati ya ardhi inaposajiliwa, na fedha hizo huwasaidia wanunuzi wa nyumba ya kwanza ambao wao au wazee wao waliishi jimboni humo kabla ya Aprili 1968 na waliathiriwa na ubaguzi huo. Msaada huo unasimama juu ya ushahidi, na hati tunazozisaka ni sehemu ya ushahidi huo. Hati ninayoisoma ikiwa inaingia katika kumbukumbu zitakazotumiwa na bunge, mahakama au familia inayodai haki yake, hapo mimi ni mfanyakazi wa utafiti, na ninapaswa kulipwa, kufunzwa na kuwajibishwa kama mfanyakazi.

Hoja yako ya mwaka 2025 ndiyo iliyonishika. Ni kweli, nimewaona wenzangu wakipoteza posho katikati ya muhula, na sina jibu litakaloifuta hoja hiyo. Ninachoweza kusema ni kwamba ujira si lazima utoke kwenye ruzuku ya nje. Jikoni nilikoosha sinia hakukuwa na ruzuku ya mtu yeyote. Chuo kilinilipa kutoka katika bajeti yake ya kawaida, kila baada ya wiki mbili, bila mjadala, kwa sababu kiliamini kwamba sinia ni lazima zioshwe. Ningepewa saa kumi kati ya zile 20 nizitumie kusoma hati kwa ujira ule ule, nisingeomba zaidi. Na yule dada wa ghalani, ambaye hakubanwa na viza, angekuwa na sababu ya kubaki.

Naomba nikuulize nawe, mwalimu. Hapo kwenu, mnapowapeleka wanafunzi vijijini kukusanya takwimu za utafiti, nijuavyo mimi hulipwa posho ya siku. Ungekubali waondolewe posho hiyo, kwa hoja kwamba wanajifunza?

Mchangiaji kutoka Morogoro

La, nisingekubali, na wao wasingekwenda. Posho hiyo hutoka kwa mfadhili, na mfadhili akichelewa huwa naitoa mfukoni mwangu kisha nadai baadaye. Kwa hiyo nakupa nusu ya hoja: kazi ikivuka darasa, ilipwe, na ilipwe na chuo. Nusu ya pili naishikilia. Mradi usio na fedha uanze hata hivyo, alimradi wanafunzi waambiwe siku ya kwanza kwamba hakuna fedha, na majina yao yaandikwe juu ya kazi, pamoja na la profesa. Yule dada aliyewasomea mitaa, jina lake liliwekwa kwenye ramani ile?

Mtoa mada

Halikuwekwa. Aliondoka kabla ya muhula kwisha, na kanuni ya mradi ilitaka aliyemaliza tu. Nimeandika wiki hii kuomba liongezwe.