Naenda Mongolia mwezi wa kwanza na nina pumu, nijiandae vipi?

Afisa Mifugo Singida

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni afisa mifugo, nimepata nafasi ya mafunzo Mongolia kuanzia katikati ya Januari. Tutaanza darasani Ulaanbaatar, kisha tutapelekwa mkoa wa Arkhangai kukaa na wafugaji kwenye mahema yao. Baridi kali ninayoijua ni ya Njombe mwezi wa saba. Huko naambiwa usiku unaweza kupita nyuzi 30 chini ya sifuri. Nina pumu tangu utotoni, nikitumia pampu inatulia. Nichanje nini, nibebe nini, na nini hasa cha kuogopa? Mke wangu hana raha kabisa.

Mzee wa Makambako

Hongera mdogo wangu. Tafuta koti zito na soksi za sufu. Jioni gonga pombe kali kidogo, mwili utachemka.

Muuguzi Msafiri

Shikamoo mzee. Kwenye pombe naomba nikupinge kwa heshima. Pombe huisukuma damu kwenye ngozi, mtu anasikia joto huku mwili wake wa ndani unazidi kupoa. Kaka, wenyeji watakukaribisha vodka. Pokea kwa mkono wa kulia, chovya kidole cha pete, rusha tone juu, gusisha midomo, rudisha. Hakuna atakayekasirika.

Mimi ni muuguzi, niliishi Ulaanbaatar mume wangu alipokuwa na kazi kule. Kwa hali yako naogopa moshi kuliko baridi. Mji uko bondeni, milima imeuzunguka, na mitaa ya mahema pembezoni inawasha makaa ya mawe usiku kucha. Makaa ghafi yalipigwa marufuku mjini mwaka 2019 yakaletwa yaliyosindikwa, lakini majiko ni yale yale na moshi bado unalala juu ya mji. Beba barakoa za N95 za kutosha, zile za kitambaa hazizuii chembe ndogo za moshi huo. Muone daktari wako sasa, mpange dawa ya kuzuia, si ile ya kutuliza peke yake. Pampu iwe mfuko wa ndani, karibu na kifua, maana ikipoa sana haitoi dozi kamili. Nyingine weka kwenye begi la mkononi.

Umeuliza cha kuogopa. Jiko. Sote tumesikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani wasiamke. Hema la Mongolia lina jiko katikati na bomba linalotokea juu, na bomba likiziba au kuvuja, sumu ni ile ile, gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu. Nunua king'ora kidogo cha kaboni monoksidi kinachotumia betri, ulale nacho karibu. Watu wawili watatu wakiumwa kichwa na kusikia kichefuchefu kwa pamoja, msijadili, tokeni nje.

Vidole: glavu za kidole gumba peke yake na vingine vinne pamoja zinashinda zile za kutenganisha. Buti ziwe kubwa kidogo, mguu ukibanwa damu haifiki. Vitabu vinasema ngozi iliyoganda inakuwa nyeupe. Kwetu sisi weusi huoni hivyo upesi, inakuwa kama ya majivu tu, kwa hiyo fuata ganzi. Kidole kikifa ganzi ingia ndani, kiweke kwapani au kwenye maji ya uvuguvugu. Usikisugue wala usikisogeze kwenye jiko, utaungua bila kusikia.

Chanjo: kichaa cha mbwa (kwa kazi yako huenda unayo tayari), homa ya ini A na B, pepopunda. Mbwa wa wafugaji ni wakali, usikaribie hema kabla mwenyeji hajawashika. Maziwa yachemshwe, brusela, ule ugonjwa wa mifugo unaopita kwenye maziwa mabichi, unaijua kuliko mimi.

Na hili watu wengi hawalifikirii: Mongolia hakuna malaria. Ukipata homa wiki za mwanzo, daktari wa kule atawaza mafua. Mwambie mapema, "Natoka Tanzania, nipimeni malaria." Beba vipimo vya haraka na dozi ya mseto pamoja na cheti cha daktari. Namba ya gari la wagonjwa ni 103, lakini Arkhangai hospitali inaweza kuwa mbali mno, hivyo bima yako iwe na usafiri wa dharura.

Afisa Mifugo Singida

Asante sana dada, nimemsomea mke wangu yote. Swali la mwisho: nguo nzito nivae lini? Nitapitia Istanbul.

Muuguzi Msafiri

Ziwe kwenye begi la mkononi, mzigo ukichelewa usibaki na shati. Uwanja mpya wa ndege wa Ulaanbaatar uko zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini, na gari linaweza kuharibika njiani. Vaa kila kitu, hadi kofia na glavu, ukiwa bado ndani ya jengo.