Labramu ya bega: 29806 au 29807?

Zabibu_Chachu
Wakuu habari za leo, mi niko Nkuhungu hapa Dodoma, naingiza klemu (madai ya malipo ya bima) za kliniki moja ya Marekani kwa mtandao, usiku kucha maana huko ndo mchana. Klemu moja imerudi mara ya pili. Bega la kulia, labramu (ukingo wa gegedu unaozunguka tundu la bega) imechanika, wameingia kwa vitundu na kamera wakaishona na anka 3 (vipini vidogo vya kushikiza uzi kwenye mfupa). Ripoti inasema mchaniko uko "3 mpaka 6". Mi nikapiga picha ya saa kichwani, saa tatu hadi saa sita mshale unapanda juu kabisa, nikajua hiyo ni SLAP tu (mchaniko wa labramu sehemu ya juu), nikaweka 29807 ya upasuaji na S43.431A ya ugonjwa. Wamekataa, eti kodi, yaani hizo namba, na ripoti haviendani. Nimekosea wapi jamani?

Koda_wa_Makulu
😂😂 Dada umesoma saa ya Kiswahili! Saa tatu yetu mshale uko kwenye 9. Daktari kaandika namba kama zilivyo kwenye uso wa saa, 3 mpaka 6, yaani kwetu saa tisa hadi kumi na mbili. Kwa bega la kulia hapo ni mbele chini, ndo Bankart hiyo, siyo SLAP. SLAP iko juu kule kano ya baisepsi inaposhikia, kama 10 mpaka 2. Kwa hiyo 29806, ila soma kwanza kama kapsuli (mfuko unaozunguka kiungo) nayo imekazwa maana 29806 kwa jina lake ni ya kukaza kapsuli. Kama walikwangua kingo tu bila kushona unashuka kwenye 29822.

mzee_wa_Area_C
Mbona NHIF hawana hizo namba? Mi bega linanisumbua tangu nianguke na bodaboda

Koda_wa_Makulu
Shikamoo mzee. Hizo ni CPT, kodi za huduma za tiba, mali ya chama cha madaktari wa Marekani. NHIF wana kitita chao na kodi zao, wewe nenda hospitali ya Benjamin Mkapa ukaonane na daktari wa mifupa, mambo ya kodi waachie wao.

nesi_mstaafu
Na kodi ya ugonjwa nayo ibadilishe, S43.431A ni SLAP ya kulia, ukiiacha na 29806 itarudi tena. Kama bega lilikuwa linateguka kila mara ni M24.411. Halafu usije ukashawishika kuweka 29806 na 29807 zote ili hela iongezeke, Medicare (bima ya serikali ya Marekani) bega moja wanalihesabu sehemu moja, watakulipa moja tu. Bima binafsi kila mmoja na sera yake.

Zabibu_Chachu
Aisee nimefungua ripoti tena, ukurasa wa pili imeandikwa Bankart kabisaa na kapsuli imekazwa na bega limeshateguka mara nne, mi nilisoma ukurasa wa kwanza tu usingizi ukanizidi. Sasa nina mafaili mengine sita ya mabega ya wiki iliyopita, yote nilihesabu kwa saa yetu 🙈