Mrejesho: uyoga wa kichuguuni ni Podaxis

Wakuu, asanteni sana. Ni mimi niliyeuliza hapa jina la uyoga mrefu, mkavu, wenye kofia iliyofumba kama mwavuli uliokunjwa, unaoota kwenye vichuguu huku Garissa baada ya mvua.

Ushauri wa kuupasua kuanzia juu hadi chini ndio uliomaliza ubishi. Shina linapenya mpaka kileleni mwa kofia, na ndani umejaa unga wa kahawia iliyokolea. Ni jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) ya Podaxis, jina lililotolewa na mtaalamu wa mimea Mfaransa, Desvaux, mwaka 1809.

Kuuacha juu ya karatasi usiku kucha ili udondoshe spora (ule unga, ndio mbegu zake) hakukusaidia. Kofia haifunguki vizuri, kwa hiyo hapakudondoka kitu. Ivunjeni ikiwa kavu, mkung'ute. Kuuhifadhi kwenye bahasha ya karatasi kumefaa, bado mzima.

Kuhusu kula, kuna nchi wanaula ukiwa mchanga na mweupe ndani. Wangu wote ulishakomaa, sikuuonja.

Na yule aliyesema wazee wa Kiaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, walipaka unga wake kwenye ndevu kufunika mvi: babu kalisikia, sasa ananidai bahasha yangu.