Tupeane uzoefu: Kutwa ya kutembea kwa miguu na kutazama wanyama kando ya mto wa nchi kame

Mwanzisha mada

Wenzangu, salaam. Tukitaja kutazama wanyama, wengi wetu tunafikiria gari lililofunguliwa paa katika nyika ya Serengeti au Maasai Mara. Ninaomba hapa tuzungumzie jambo jingine, yaani kutwa ya kutembea kwa miguu katika nchi kame, ambako mto mmoja ndio unaowakusanya viumbe wote, maji yake yawe juu au yawe yamejificha chini ya mchanga. Kila atakayechangia aeleze alikotembea, alichokiona na hasa kilichomwezesha kukiona, kwa sababu orodha ya wanyama peke yake tunaweza kuisoma katika kijitabu chochote cha watalii.

Nianze na Ewaso Ng'iro, kaskazini mwa Kenya. Mto huu hupata maji yake katika Mlima Kenya, safu ya Aberdare na nyanda za Laikipia, kisha hushuka katika nchi ya joto na vumbi, ukitenganisha hifadhi ya Samburu na ile ya Buffalo Springs, hadi unapokwisha katika kinamasi cha Lorian bila kuifikia bahari. Ndani ya hifadhi hizo mgeni hukaa garini. Anayetaka kutembea huenda katika maeneo ya uhifadhi ya jamii yanayopakana nazo, kama Kalama na West Gate, na huongozwa na Wasamburu waliochunga mifugo papo hapo tangu utotoni.

Tuliondoka kambini kabla ya jua kuchomoza, na kwa muda mrefu hatukumwona mnyama yeyote. Kiongozi wetu hakuonekana kujali, kwa kuwa macho yake yalikuwa chini. Alituonyesha unyayo wa punda milia wa Grevy, ambao ni mpana na wa mviringo kuliko wa punda milia wa kawaida, akatueleza kwamba jike anayenyonyesha hawezi kukaa mbali na maji kwa muda mrefu, ilhali madume na majike wasio na watoto huweza kuvumilia siku kadhaa. Kwa hiyo nyayo ndogo zilizoambatana na kubwa zikielekea mtoni zilikuwa habari kamili: mama na mtoto walikuwa mbele yetu, na hawakuwa mbali. Tuliwakuta chini ya migunga, tukawatazama tukiwa tumechuchumaa upande usiopeleka harufu yetu kwao.

Lakini kilichonikaa zaidi ni lugga, yaani mkondo mkavu unaoingia mtoni. Tembo jike alikuwa akichimba mchanga kwa mguu wa mbele na kuuondoa kwa mkonga, taratibu, hadi shimo likaanza kutoa maji. Maji ya kwanza yenye matope aliyamwaga pembeni, akangoja yatulie, ndipo akanywa. Tulikaa juu ya ukingo wa mawe, mbali naye, karibu asubuhi nzima. Alipoondoka, walikuja ngedere, kisha kanga wale wenye shingo ya tai na manyoya ya buluu, wakanywa katika shimo lile lile. Choroa tuliwaona kwa mbali uwandani, na swala twiga alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma akila majani ya kichakani bila haja yoyote na lile shimo, kwa kuwa swala huyo hupata karibu maji yake yote kutoka katika majani anayokula.

Msomaji wa Iringa

Ninashukuru kwa mada hii. Mimi ninaongeza habari za Ruaha, ambako kutembea kwa miguu kunaruhusiwa kwa kibali na kwa kuongozana na askari wa hifadhi mwenye silaha. Tulitembea kando ya Mwagusi, mto wa mchanga unaoingia katika Ruaha Mkuu, mwishoni mwa kiangazi, na yale ya tembo kuchimba visima tuliyaona vile vile.

Hata hivyo, Ruaha Mkuu wenyewe ni habari ya kusikitisha kidogo, na sidhani kama inafaa tuipambe. Zamani mto huo ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikatika ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na sababu inayotajwa zaidi ni maji mengi kuchukuliwa kwa kilimo cha umwagiliaji, hasa cha mpunga, katika bonde la Usangu. Kwa mtazamaji, ukweli huo una sura ya ajabu: viboko na mamba husongamana katika madimbwi machache yaliyosalia, na hivyo huonekana kwa urahisi kuliko msimu mwingine wowote. Nilijikuta nikifurahia kuwaona na papo hapo nikijua kwamba walikuwa pale kwa sababu hawakuwa na pa kwenda.

Askari wetu alikuwa na kanuni moja aliyoisisitiza kuliko zote, nayo ni kwamba mtu asisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Kwa sababu hiyo tulizunguka mbali na ukingo, tukapanda kilima chenye mibuyu, tukalitazama dimbwi kutoka juu. Huko juu ndiko tulikowaona tandala wakubwa wakishuka kunywa, dume mwenye pembe zilizojisokota akibaki nyuma. Nyongeza moja kwa watakaokwenda: msivae nguo za buluu au nyeusi, kwa maana mbung'o huzifuata rangi hizo, na kuumwa kwao ni sawa na kuchomwa sindano isiyo na dawa.

Mama wa Nairobi

Ndugu zangu, nimewasoma kwa furaha. Je, mwenye watoto wadogo afanye nini? Ninadhani hakuna kiongozi atakayekubali kutembea na mtoto wa miaka sita karibu na tembo.

Mkazi wa Malindi

Dada, umedhani sawa, na ni vyema iwe hivyo. Ninakushauri uwapeleke Tsavo Mashariki kando ya mto Galana, ule ule tunaouita Sabaki unapokaribia bahari huku kwetu. Safari ni ya gari, lakini pale kwenye maporomoko ya Lugard mnaruhusiwa kushuka na kutembea juu ya miamba iliyochongwa na maji. Washike watoto mikono, kwa sababu mamba wapo na mawe huteleza.

Mswahili wa Tucson

Salaam kutoka Arizona, nchini Marekani, ambako baadhi yetu tunaozungumza Kiswahili tumehamia kutoka Kongo na Burundi. Nilipofika hapa niliambiwa kwamba ni jangwa, na ni kweli, lakini mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari kuelekea kusini mashariki kuna mto San Pedro. Mto huu huanzia Meksiko na kuelekea kaskazini, na kando yake kuna msitu mwembamba wa mipopla na mierebi unaoonekana kutoka mbali kama mstari wa kijani katikati ya nchi ya kahawia. Mwaka 1988 bunge la Marekani lilitenga takriban kilomita 64 za mto huo kuwa eneo la hifadhi.

Tofauti kubwa na mliyoyaeleza ni kwamba huku mtu hutembea bila askari. Mnyama mkubwa anayeonekana mara kwa mara ni kulungu wa huko, pamoja na javelina, ambaye ukimwona utasema ni ngiri mdogo ingawa si wa ukoo wa nguruwe. Anayepaswa kuangaliwa zaidi ni nyoka wa kengele, na joto la Juni. Wenyeji huja kwa ajili ya ndege, kwani aina zaidi ya 350 zimeonekana hapo, nyingi zikiwa zinapita kati ya Meksiko na kaskazini. Kuna pia biva, mnyama anayeguguna miti na kuziba mto kwa vijiti ili apate bwawa. Wawindaji wa ngozi walikuwa wamemmaliza, akarejeshwa kuanzia 1999. Mwenyewe sikumwona, bali niliona visiki alivyovichonga.

Nimeandika hasa kwa sababu ya wale tembo wenu. Ndani ya hifadhi hii kuna mahali panapoitwa Murray Springs, ambapo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Arizona walianza kuchimbua mwaka 1966. Walikuta mifupa ya mamothi, jamaa wa tembo waliokwisha kutoweka duniani, waliouawa na wawindaji yapata miaka 13,000 iliyopita, pamoja na alama zinazodhaniwa kuwa ni nyayo za wanyama hao karibu na maji ya kale. Kijia cha kutembea kinapita hapo hapo, na nilipokuwa nikikifuata nilikuwa peke yangu.

Mwanzisha mada

Ninawashukuru nyote. Kwa aliyeniuliza kwa ujumbe kuhusu msimu wa Samburu, jibu ni kwamba miezi ya kiangazi, hasa Julai hadi Septemba na tena Januari na Februari, huwaleta wanyama mtoni. Wakati wa mvua jihadhari hata kama anga la Archer's Post, mji ulio karibu na hifadhi, ni jeupe, kwa kuwa mvua ya milimani hufika huku ikiwa mafuriko, na ndivyo ilivyotokea Machi 2010, maji yalipozizoa kambi kadhaa za ukingoni. Msipumzike ndani ya lugga, hata kama kivuli chake kinavutia. Bado ninamsubiri mtu aliyetembea kando ya mto Turkwel au Kerio, kwani huko sijafika.