Ukoo Wetu Tukuyu: usiku wa akaunti ya Shangazi

*Kikundi cha WhatsApp, watu 31. Jumatano.*

19:08 Shangazi Tumpe: Wapendwa, mkipata ujumbe wa imeili yangu au wa ukurasa wangu wa mchele unaoomba advansi, msitume hata senti. Si mimi. Nimefungiwa nje tangu saa tisa mchana.

19:09 Lusajo: Mwe! Shikamoo Shangazi. Wamekuibia simu?

19:11 Shangazi Tumpe: Marahaba mwanangu. Simu ninayo mkononi, niko dukani hapa Mwanjelwa. Paswedi ndiyo inakataa. Yule mama wa mgahawa wa Chunya amesharusha 150,000 kwenye namba nisiyoijua. Kanipigia kuuliza mchele wake unapakiwa lini. Sikujua nimjibu nini.

19:12 Mama Mkubwa Sekela: Yesu wangu. Pole wifi yangu.

19:20 Atupele: Shikamooni wote. Ndiyo natoka kazini Iyunga. Shangazi, nakupigia sasa hivi, usiandike paswedi yoyote humu. Lusajo na Ipyana, wapigieni wateja wake mnaowajua, muwaambie wasilipe kitu.

19:21 Ipyana: Sawa dada. Naanza na wa Kyela.

20:14 Atupele: Imeili imerudi, ukurasa umerudi. Naomba niwaeleze ilivyokuwa, maana wengi humu mmekaa hivyohivyo alivyokaa Shangazi.

20:17 Atupele: Nywila yake ilikuwa jina lake na mwaka wa kuzaliwa. Ndiyo hiyohiyo kwenye imeili, kwenye ukurasa, na kwenye duka moja la mtandaoni alilojiandikisha zamani, siku moja tu, akitafuta mzani. Tumeiweka imeili yake kwenye Have I Been Pwned, ile huduma aliyoianzisha Troy Hunt mwaka 2013 ya kuangalia kama taarifa zako zimeshavuja. Lile duka limo. Kwa hiyo hakuna mtu aliyekaa akamwinda Shangazi. Orodha ikivuja, wezi wanaipa programu, inachukua kila imeili na nywila yake na kwenda kuijaribu kwenye milango mingine yote. Wa kwake ukafunguka.

20:19 Lusajo: Na ukurasa walifikaje?

20:21 Atupele: Kwa kupitia imeili. Unabonyeza "umesahau nywila", linki ya kuweka mpya inatumwa kwenye imeili, na imeili wanayo wao. Ndiyo maana imeili naihofia kuliko akaunti nyingine yoyote. Kuna jambo lingine lililonitisha: walishaweka maelekezo kwamba kila barua inayoingia nakala iende kwao, kimyakimya. Tungebadili nywila tu tukalala, wangeendelea kusoma. Tumeyafuta, tukatoa vifaa vyote vilivyokuwa ndani, ndipo tukaweka nywila mpya.

20:22 Atupele: Na namba ya simu ya kurejeshea akaunti ilikuwa ile laini yake ya zamani aliyoiacha. Laini ikikaa bila kutumika muda mrefu hupewa mtu mwingine. Kila mmoja akaangalie ya kwake, leo.

20:26 Baba Mdogo Ambakisye: Nimesoma yote. Lakini sisi ofisini walitulazimisha kubadilisha kila miezi mitatu, na lazima iwe na herufi kubwa, tarakimu na alama. Mimi niliishia kubadilisha mwisho tu: 01, 02, 03. Kumbe haikuwa kinga?

20:31 Atupele: Shikamoo Baba Mdogo. Karibu kila mtu alifanya hivyo, na wezi wanalijua. Masharti yale yalienea kutokana na mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2003. Bill Burr aliyeuandika alikuja kusema mwaka 2017 kwamba anayajutia mengi aliyoyaweka mle. Mwaka huohuo NIST ikaachana nayo: nywila iwe ndefu, isiwe kwenye orodha zilizovuja, na ibadilishwe pale kuna dalili kwamba imejulikana. Herufi a kuigeuza @ haisaidii kitu, programu zao zinaijua hiyo.

20:33 Mama Mkubwa Sekela: Ndefu ninayo. Nitaweka methali. Hiyo siwezi kusahau.

20:35 Atupele: Mama Mkubwa, methali hapana. Wala mstari wa Biblia, wala pambio. Kinachojulikana na watu kinawekwa kwenye orodha zao kizima kizima. Chukua kamusi ile ya Baba Mdogo, ifungue bila kuangalia, weka kidole, andika neno. Funga, fungua tena. Maneno matano yasiyohusiana. Kama "kibatari tofali ukili mzani bata". Hayo nimeshayataja, kwa hiyo yamekufa, msiyatumie.

20:36 Ipyana: Maneno ya kawaida hivyo yanazuia nini?

20:41 Atupele: Wingi. Mwaka 1995 Arnold Reinhold alitengeneza utaratibu wa kuchagua maneno kwa kurusha dadu. Orodha yake ina maneno 7,776. Ukichukua manne kwa bahati nasibu, michanganyiko inapita trilioni 3,600. Matano ni mara 7,776 ya hapo. Nguvu inatoka kwenye bahati nasibu. Ukichagua mwenyewe utaandika jina la mtoto, timu yako na Rungwe. Mwaka 2009 zilivuja nywila zaidi ya milioni 32 za mtandao wa RockYou, na iliyoongoza ilikuwa 123456. Watu tunafanana sana tukichagua kwa vichwa vyetu.

20:44 Baba Mdogo Ambakisye: Maneno matano, mara akaunti zote, na kila moja iwe tofauti. Binti yangu, mimi nina miaka 68.

20:48 Atupele: Andika kwenye daftari, Baba Mdogo. Najua ulifundishwa kwamba kuandika ni kosa. Ni kosa ukibandika kwenye meza ya ofisi. Lakini mtu aliyemwibia Shangazi huenda hajawahi kukanyaga Mbeya, na hawezi kufungua sanduku lako la nguo pale Tukuyu. Daftari ndani ya sanduku lenye kufuli ni salama kuliko nywila moja ya kila mahali. Usiandike juu yake "paswedi", na lisiwe linatoka nyumbani. Ipyana na Lusajo, ninyi wekeni programu ya kutunza nywila, Bitwarden ipo ya bure. Inatunga yenyewe na kukumbuka yenyewe, wewe unashika moja tu ya kuifungulia.

20:50 Lusajo: Namba ya siri ya pesa je?

20:53 Atupele: Tarakimu nne zinatoa namba 10,000. Ukiweka mwaka wa kuzaliwa, anayekuokotea simu anajaribu miaka sitini hivi, na akikuona usoni anapunguza. Hiyo usiiandike kabisa. Halafu wote, humu humu WhatsApp: Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili. Weka namba yako ya tarakimu sita. Namba sita zinazokuja kwa meseji usimsomee mtu, hata akijitambulisha kwamba ni mimi.

20:55 Mama Mkubwa Sekela: *Ujumbe huu umefutwa*

20:55 Atupele: Mama Mkubwa!! Tafuta mengine, hayo watu 31 tumeyaona.

20:58 Mama Mkubwa Sekela: Nilitaka uniangalizie kama yako sawa mwanangu. Naifungua kamusi upya.

21:02 Atupele: Usijali. Kuhusu ile pesa: namba iliyopokea nimeitolea taarifa kwa mtandao wa simu. Kesho asubuhi Shangazi nitakuja tuende polisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Skrinshoti za mazungumzo zote usifute. Na mkipata zile meseji za "ile pesa tuma namba hii", zipelekeni TCRA, ile Mamlaka ya Mawasiliano, kwa 15040.

21:06 Shangazi Tumpe: Ndaga fijo mwanangu. Mimi kilichoniuma ni yule mama. Alituma kwa sababu aliliona jina langu. Tumefanya biashara miaka sita na hajawahi kuchelewesha. Mchele wake nampakia kesho, hasara ni ya kwangu.

21:07 Baba Mdogo Ambakisye: Dada, si ya kwako peke yako. Nakurushia 30,000.

21:07 Lusajo: 10,000 Shangazi.

21:08 Ipyana: Na mimi 10,000. Wateja kumi na mmoja wamepatikana, wawili hawapokei. Nitawajaribu tena asubuhi.

21:10 Shangazi Tumpe: Mungu awabariki. Msirushe bado. Nitampigia kila mmoja kwa sauti yangu, mnisikie, ndipo mtume.