Naandika riwaya ya mapenzi ya Bombay, India, wakati wa vita vya pili vya dunia, huyu mwanamme nimfanyeje?

BintiMkunazini
Asalaam alaykum nyote. N'na riwaya imenikwama katikati. Msichana wa Kihindi, Muislamu, kazaliwa hapa mjini Unguja, baba yake muuza vitambaa, 1939 anapelekwa Bombay kwa shangazi yake akasome, vita vinaingia basi ndo kabaki huko huko. Anapendana na ofisa wa Kiingereza. Sasa vita vyenyewe havionekani, wao jioni wanatembea ufukweni na vita viko kwenye redio tu, na huyo ofisa kila nikimuandika anakuwa ndo mkombozi wake, kitu ambacho sikitaki kabisa. Nataka msomaji wa Unguja na Pemba ajione mle ndani. Au nihamishie mwaka mwengine?

BabuMalindi
Waalaykum salaam mwanangu. Mwaka uwache, mbadilishe mwanamme. 1942 Februari Singapore imeanguka mikononi mwa Wajapani, Machi Rangoon, mji mkuu wa Burma, tarehe 8 Agosti Gandhi na chama cha Congress wako uwanja wa Gowalia Tank hapo hapo Bombay wanawaambia Waingereza watoke India, kulipokucha viongozi washakamatwa na mji umechafuka. Mtoto wa kike wa Kihindi aonekane na ofisa wa Kiingereza mwezi ule? Shangazi yake angemfungia ndani. Mie ningemfanya Mhindu, daktari wa jeshini. Jeshi la India lilifika watu zaidi ya milioni mbili, wote wa kujiandikisha wenyewe, na walikuwemo waliokuwa wanautaka uhuru huku wamevaa yunifomu ya mfalme wa Uingereza, mtu kama huyo vita anavyo mwilini hahitaji redio. Halafu ndoa. Muislamu na Mhindu wakitaka kuoana bila mmoja kumfuata mwenziwe, iliyokuwepo ni sheria ya ndoa ya serikali ya 1872, na hiyo iliwataka wote wawili watamke kwa msajili kuwa hawafuati dini zao. Siku hiyo iandike taratibu, kurasa nyingi, yuko mbele ya meza kashika kalamu na anamfikiria baba yake Unguja.

UmmuSalma
Babu kasema. Na akiwa daktari basi 1944 mpeleke Imphal shoga yangu, India huko mpakani na Burma, Wajapani wameuzingira mji tangu Machi mpaka Juni, barabara imekatwa, chakula na dawa vinaletwa kwa ndege. Mvua bado zinapiga ndo wanaingia askari wetu, divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku kwetu, wanateremka bonde la Kabaw upande wa Burma, matope na malaria juu, Disemba ndo wanauvuka mto Chindwin. Na Kiswahili ndo kilichokuwa kikiwaunganisha. Sasa daktari yuko hospitali ya mahema, askari homa imempanda anaomba maji kwa Kiswahili na hakuna anayemfahamu isipokuwa yeye, kwa sababu yule msichana alimfundisha. Wallahi mie hapo nalia. Msichana nae asikae kungoja barua tu. Tarehe 14 Aprili 1944 meli Fort Stikine ilishika moto gatini Bombay, imejaa marobota ya pamba, zaidi ya tani elfu moja za viripuzi na dhahabu, saa kumi alasiri ikaripuka na baadae ikaripuka tena, mamia ya watu wakafa, vipande vya dhahabu vikaruka mpaka majumbani. Muweke karibu na bandari, afunge watu majeraha.

KijanaWaWete
Mie huo mripuko naona unafanya kazi ambayo mwandishi angeifanya mwenyewe, mambo yakimshinda anaripua meli. Kinachotuunganisha na kule ni mchele. Wazee wetu walikuwa wanakula mchele wa Burma, Wajapani walipoichukua 1942 mchele ukakatika watu wakarudi kwenye muhogo. Na Bengal, mashariki ya India, nako ukakatika, tena serikali ikawanyang'anya watu wa pwani vyombo vyao ati Wajapani wasije wakavitumia, Oktoba kikapiga kimbunga, bei ikapanda mtu wa kawaida haigusi, 1943 wakafa kama milioni tatu kwa njaa na maradhi. Sisi watu wa visiwani tunajua kumnyang'anya mvuvi chombo chake ni kumfanya nini. Baba aandike barua kutoka Unguja, mchele hakuna, na kwa kuwa barua zilikuwa zinafunguliwa na wakaguzi aseme nusu nusu, bintiye aisome yuko kwenye foleni ya mgao Bombay. Hapo sote tumo.

BintiMkunazini
Allah awalipe kheri. Ofisa anatoka, daktari anaingia, na askari wa KAR nampa jina na kwao kabisa asiwe mgonjwa wa kupita. Barua ya mchele naiweka kabla ya ndoa, ili anaposhika kalamu msomaji ashamjua baba yake. Mripuko nitauweka mfupi. Babu, anaweza kurudi Unguja 1944?

BabuMalindi
Ningengoja vita viishe. Bahari ilikuwa mbaya, tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo na askari wetu ndani, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives, ikazama kwa dakika chache, wakafa watu kama 1,300, wakiwemo wanawake zaidi ya 70 wengi wao manesi. Baba aliyezisikia habari za bahari ile asingemwambia mwanawe apande meli. Ukimaliza ile sura ya msajili iweke hapa tuisome.